Sauti ya Meza ya Mashariki

Kiti cha meza ya mashariki kilikuwa na joto, kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi. Bi Mipango aliondoa mkono, akakitazama, kisha akaendelea na kazi. Meza hiyo ilikuwa imefungwa tangu mwezi uliopita.

Kazi yake katika kituo cha kuongozea ndege ilikuwa kukadiria safari za ndege zijazo na kupanga waongozaji wa kutosha. Tangu maradhi yaenee na watu waache kusafiri, alikuwa akipunguza tu. Anga la mashariki aliliunganisha na la kati, akawapumzisha watu, mitambo ikazimwa. Maradhi hayohayo yalimchukua mumewe. Alimzika, akarudi kazini, asilie. Alikula kwa sababu mama mkwe alimwekea sahani mbele.

Baada ya joto la kiti ikaja harufu ya nywele zilizoungua, pale mezani tu. Fundi alifungua kila kifuniko, asione kilichoungua.

Asubuhi moja Bi Mipango alikuwa amesimama nyuma ya Kipara, mwongozaji pekee wa zamu, wakati rubani wa ndege ya mizigo aliposema redioni, "Sawa mama, naendelea kushuka."

Kipara akageuka taratibu. "Nani kamwambia ashuke?"

Chini ya ndege ile palikuwa na milima iliyofunikwa na mawingu. Kipara alimwamuru rubani apande, apande mara moja, sauti yake imetulia huku jasho likimdondokea mezani. Ndege ikapanda.

"Mbona mnanichanganya?" rubani akauliza. "Mama wa meza ya mashariki ndiye aliyeniambia."

Walisikiliza kanda iliyorekodi mazungumzo ya redio. Ilikuwa sauti ya Bi Mipango, haina haraka.

"Lakini ulikuwa nyuma yangu," Kipara akanong'ona.

"Nilikuwa nyuma yako."

"Ulifungua mdomo?"

Alifikiri kidogo. "Hapana."

Fundi alikata nyaya za meza ile, na bado sauti ikasikika. Mkuu wa kituo, msomi aliyewacheka wanaoamini majini, aliisikiliza kanda tena na tena, akafunga mlango wa ofisi, akauliza kwa sauti ya chini kama kuna anayemjua mganga.

Aliyekuja ni kaka yake mama mkwe wa Bi Mipango, mzee mpole mwenye viatu vilivyong'arishwa. Alizunguka chumba akisoma dua chini kwa chini, akasimama penye harufu.

"Nyie mmehama hapa, mwenzenu kahamia," akasema. "Na sauti kaiokota kwa mtu asiyeitumia. Mwanangu, mimi nitasoma, lakini kumfukuza ni kazi yako."

Bi Mipango alikaa kwenye kile kiti chenye joto, akavaa vipokea sauti vya masikioni ambavyo waya wake ulikuwa unaning'inia umekatwa, na mwanzoni hakusikia kitu, kisha akasikia pumzi, kisha mwanamke anaanza kulia, kwa kwikwi kwanza halafu kwa sauti yote, akimwita marehemu kwa jina la utani ambalo halikuwahi kutoka nje ya chumba chao cha kulala, na mwanamke huyo alikuwa yeye mwenyewe.

"Kilio hiki ni chako," sauti ikasema. "Nikurudishie?"

Alimtazama Kipara. Alitazama vidoti vya ndege kwenye rada, vichache, kila kimoja kina watu ndani.

"Sikitaki," akajibu. "Ila hapa utoke."

Mganga aliacha kusoma. Harufu ikapotea. Kiti kikapoa chini yake.

Siku hiyohiyo alibadili mpango wa zamu: meza ya mashariki iwe na mtu daima, ndege ziwepo zisiwepo. Mkuu alitia sahihi bila kuuliza swali.

Jioni, mama mkwe alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha kulala cha mkwewe, kiganja kakilaza juu ya ubao, akibembeleza.

"Lia, mwanangu. Nilikuwa nakusubiri ulie. Utoe uchungu wote."

Kilio ndani kilizidi. Bi Mipango alikuwa nyuma yake kwenye korido, kitambaa cha kufutia vyombo mkononi.

"Mama," akamwita taratibu, "njoo ule. Chakula kinapoa."