Mteja wa Bombolulu

Kitendawili! Sema "tega", usinyamaze.

Naingia nyumba za watu na ndoo, natoka na siri zao, wala mwizi si mimi.

Umeshindwa? Nipe mji. Kisauni? Haya, Kisauni nimekwenda, viazi karai nimekula, nimeshiba. Jibu ni kina Wardah, wa lile gari jeupe lisilo na maandishi. Mtu akifia ndani peke yake, au damu ikimwagika chumbani, wao ndio husafisha. Wardah yuko ofisini, hupokea simu na kutuma gari. Sheria yao ni moja: jina la mteja halitajwi. Hata kwenye simu ya kazi huandikwa mtaa tu.

Na simu hiyo ndiyo iliyomletea balaa. Nikaha yake ilikuwa Ijumaa. Jumanne alikwenda kwa mama mkwe kupima nguo, akaiacha simu kochini. Mchumba wake, Junaid, akaiokota.

— Wardah, nini hii?

— Ya kazi hiyo, Junaid. Nipe.

— Ngoja nikusomee. "Mteja wa Bombolulu: Roho yangu, njoo wewe mwenyewe. Junaid asijue." Nawe ukajibu, "Nyamaza kulia, naja. Hatajua mtu." Tena hapa hapa Bombolulu, mtaa wa mamangu! Ni nani huyu?

Mamake Junaid, Bi Mwanarehema, alikuwa akimimina chai. Birika likasimama hewani.

— Ni mteja, akasema Wardah.

— Mteja akuite roho yangu? Mimi mwenyewe sijakuita hivyo!

— Hilo kosa lako, si lake.

— Usinichekeshe! Nitajie jina.

— Sitaji.

— Basi naenda kwa babako sasa hivi, nimwambie nikaha hakuna.

— Nenda, yuko nyumbani mpaka alasiri. Lakini sikia. Mtu akinipigia simu mimi, siku hiyo hana pengine pa kujificha. Leo nimtaje yeye ili niolewe, kesho nikutaje wewe ili nisifiwe? Wallahi, sitaji.

Hakulia, hakuinua sauti. Mtoto wa watu alisimama wima kama mwenye nyumba.

Junaid akafika mlangoni, akageuka.

— Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Ni nani?

Wardah akamtazama yeye tu. Kwa Bi Mwanarehema hakutupa hata kona ya jicho.

Birika likawekwa chini.

— Ni mimi, Junaid. Mzee Munga, mpangaji wangu wa chumba cha uani, alikufa akakaa siku nne, ukuta mmoja na mimi, nisimpigie hodi hata mara moja. Polisi walipomchukua, nikaona haya kukwambia hata wewe. Huyu akaja mwenyewe, akapiga magoti akasugua, akanisitiri. Haya, rudi ndani umuombe radhi mke wako.