Kadi ya Kiti cha Arvo

Kila Jumamosi Helmi Karvonen alikuwa na kazi mbili: kuwasha jiko la kuni katika sauna iliyo nyuma ya nyumba, na kushuka hadi barabarani lilikosimama sanduku la barua. Kazi ya kwanza aliipenda. Kibanda kile cha mbao kilishika joto upesi, na jioni familia nzima ilikaa humo ikitoka jasho huku nje theluji imefika madirishani. Kazi ya pili aliichukia. Sanduku lilikuwa mbali, na upepo wa ziwani, huko kaskazini mwa Michigan, haukuwa na adabu. Ulimchapa mtu usoni bila kuuliza ni mtoto wa nani.

Jumamosi moja ya Januari mama yake alimwita jikoni. Mdogo wake Helmi, Arvo, ambaye hata kukaa alikuwa bado hajaweza, alikuwa amelala ndani ya kiti chake kipya cha gari kilichowekwa sakafuni. Mama alikuwa amemaliza kuijaza kadi ndogo iliyokuja na kiti hicho.

"Helmi, itie hii kwenye sanduku, halafu uinue kibendera cha sanduku ili mtu wa posta ajue kuna barua. Haihitaji stempu."

"Ya nini, mama?"

"Ya kukisajili kiti. Ina jina letu, anwani yetu na namba ya kiti. Wakigundua kina kasoro watatuandikia. Wasipotujua, watamwandikia nani?"

"Si isubiri mpaka Jumatatu? Nje baridi kali."

"Miguu unayo, koti unalo. Nenda."

Helmi alikwenda akinung'unika. Nusu ya njia akakutana na jirani yao Trevor, anayesoma naye darasa moja, akiburuta ubao wa kutelezea theluji. "Panda, nikufikishe chini kabla hujapiga chafya!" Trevor alisema. Walipanda wawili, wakateleza kwa kelele, wakapinduka kando ya barabara penye tope la theluji na chumvi ya kuyeyushia barafu. Helmi alipoinuka alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaona kadi iko chini ya buti la Trevor.

"Ala! Nimeikanyaga," Trevor alisema. "Ilikuwa ya nini?"

"Ya nyumbani tu."

Wino ulikuwa umeenea wote. Jina lao halikusomeka. Helmi angeweza kurudi akasema ukweli, na mama angeguna kidogo, akatafuta njia nyingine. Lakini wiki hiyohiyo alikuwa amekwisha kugombezwa kwa kupoteza glavu na kwa kusahau kitabu cha maktaba kwenye basi, na hakutaka kuongeza la tatu. Alizunguka nyuma ya nyumba, akaingia kwenye sauna, akafungua mlango wa jiko na kuitupa kadi motoni. Ilijikunja, ikawa jivu.

"Umeitia?" mama aliuliza.

"Nimeitia."

"Na kibendera?"

"Nimekiinua."

Uongo wa pili ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza. Ndiyo tabia ya uongo. Ukishaufungulia mlango mmoja, wa pili haubishi hodi.

Wiki zilipita, Helmi akasahau. Kila asubuhi mama alimfunga Arvo kitini, akampeleka kwa bibi yake upande wa pili wa mlima, kisha akaenda kazini kwenye nyumba ya wazee mjini. Barabara ilishuka mteremko mrefu, ikapinda ghafla kando ya ziwa. Kona hiyo kila majira ya baridi ilimeza gari la mtu, na watu wa kijiji chao cha Kuusela waliizungumzia kwa sauti ya chini.

Mwishoni mwa Februari baridi ilizidi hata miti ikawa inapasuka msituni. Jumapili mchana Bi Harju, mama wa makamo anayekaa nyumba ya tatu, alikuja kunywa kahawa. Mama alikata mkate mtamu wa iliki. Helmi alikaa pembeni yao akiukwangua ukoko wa sukari.

"Kaisa, kile kiti cha Arvo si kama cha mjukuu wangu?" Bi Harju aliuliza. "Kampuni imeviita virudi, wewe hujasikia? Binti yangu kaletewa barua. Kifungo cha mkanda kina springi mbovu. Baridi ikiwa kali kinalia ta! ukadhani kimeshika, kumbe hakijashika kitu."

Mama aliweka kikombe chini. Kwa kitambo kidogo uso wake ulibadilika. Kisha ukatulia.

"Sisi tulikisajili tangu mwezi wa kwanza," alisema. "Helmi mwenyewe aliipeleka kadi. Hatujapata barua yoyote, kwa hiyo chetu hakimo."

"Haya basi, kama mlisajili hakuna shaka. Chenu kitakuwa cha toleo jingine."

"Mungu ashukuriwe," mama alisema. "Ongeza kahawa."

Helmi aliuma mkate. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yalihitaji kusukumwa tu. Akayameza pamoja na mkate. Bi Harju alipoondoka, Helmi alikiendea kiti, akafunga mkanda, akavuta. Kifungo kilishika barabara. Alikifunga na kukivuta tena na tena, kikashika. Akajiambia, unaona, kizima. Alijaribu kulisahau jambo moja: jikoni mle mlikuwa na joto.

Jumatatu asubuhi dhoruba iliamka pamoja nao. Baba yake, Reino, dereva wa gari la kusukuma theluji la halmashauri, alikuwa ameondoka zamani. Kiti kilikuwa kimerudishwa garini jana yake, kikalala humo usiku kucha. Mama alimweka Arvo ndani yake haraka, mabega yake yamejaa theluji, akabonyeza kifungo. Ta!

"Mama," Helmi aliita kutoka ukumbini.

"Nini? Nimechelewa."

"Hamna kitu."

Gari jekundu liliteremka polepole, taa zake za nyuma zikapotea katika weupe. Baadaye kidogo basi la shule lilifika. Helmi alikaa karibu na dirisha, paji la uso kiooni. Trevor alimpiga kikumbo. "Vipi, umemeza buibui?" Helmi alifuta ukungu kiooni. Basi lilipoanza kushuka mteremko, waliona gari la mizigo limelala mtaroni, magurudumu juu. Dereva wake alikuwa amesimama kando, mzima, akipiga simu. Theluji ilikuwa bado haijayafunika magurudumu.

Helmi aliinuka.

"Mzee Niemi! Simama!"

"Kaa chini, Helmi!" dereva alifoka, macho yake barabarani. "Sheria ya basi unaijua."

"Mdogo wangu atakufa!"

Kelele za basi zima zilikatika. Mzee Niemi alipunguza mwendo, akalisogeza basi kando na kuwasha taa za hatari. Alimgeukia.

"Sema. Upesi."

Helmi alisema yote mbele ya wenzake: kadi, tope, jiko, kifungo, na mama aliyekuwa njiani kuelekea kona ya ziwa. Trevor alinong'ona, "Ile kadi niliyoikanyaga?"

Mzee Niemi alishika redio ya mawasiliano ya basi. "Reino Karvonen, hapa basi la Kuusela. Unanipata?"

"Nakupata. Niko chini ya mteremko, napanda."

Dereva hakuendelea. Alimkabidhi Helmi kipaza sauti. "Hili ni lako. Mwambie baba yako."

Helmi alibonyeza kitufe. "Baba, ni mimi. Ile kadi ya kiti sikuituma. Niliichoma. Bi Harju anasema vifungo vyake vinafunguka kwenye baridi. Mama anashuka huko na Arvo. Baba, msimamishe!"

Redio ilikoroma tu. Helmi alidhani baba hakumsikia.

"Nimekusikia," baba alisema hatimaye, na sauti ikakatika.

Mzee Niemi aliligusa bega lake. "Kaa hapa mbele." Basi likaendelea kushuka polepole, wipa zikigombana na theluji. Kila walipopita mti, Helmi alitazama chini yake akiogopa kuona rangi nyekundu. Walipita miti mingi. Hakukuwa na la kufanya ila kutazama.

Taa za njano za gari la theluji zilionekana kabla tu ya kona. Baba alikuwa ameliweka limekingama barabarani, na gari jekundu lilikuwa limesimama mbele yake. Helmi aliteremka akakimbia.

Mlango wa nyuma wa gari ulikuwa wazi. Arvo alikuwa macho, akitafuna glavu yake. Mkanda ulionekana umefungwa vizuri. Baba aliinama, akapitisha kidole kimoja chini yake, akauvuta taratibu. Ukatoka. Haukutoa hata sauti. Aliurudisha, akabonyeza, ta! Akauvuta tena. Ukatoka tena.

Upepo ulipita juu ya barafu ya ziwa, na mama akamwinua Arvo kitini, akamfunika kwa koti lake.

Helmi alianza kulia. "Mama, nisamehe."

"Jana ulikuwa umekaa pale mezani," mama alisema kwa sauti ndogo. "Ulinisikia nikimwambia Bi Harju kwamba tumesajili."

"Ndiyo, mama."

"Na leo uliniita, ukasema hamna kitu."

"Ndiyo."

Mama hakufoka. Helmi alitamani angefoka.

Baba aliwapigia watu wa zimamoto. Hao walikuwa na viti vya watoto vya akiba kituoni kwao, na mmoja wao akaleta kimoja, akakifunga garini mwenyewe na kukitikisa mpaka aliporidhika. Kile kibovu kilirudi nyumbani ndani ya gari la theluji.

Jioni mama alipiga simu kwenye kampuni. Helmi ndiye aliyekipindua kiti, akamsomea namba na tarehe ya kutengenezwa kutoka kwenye karatasi iliyobandikwa chini yake. Mwanamke wa upande wa pili alithibitisha kuwa kimo miongoni mwa vilivyoitwa. Wasikitumie kabisa. Angewatumia kifungo kipya bila malipo, na angewasajili palepale. Mama alipokata simu, alifungua pia tovuti ya serikali inayotangaza vyombo vyenye kasoro, akaandika anwani yake ili kila tangazo jipya limfikie.

Baba alimwita Helmi mezani.

"Watu husema ajali haina kinga," alisema. "Hii ilikuwa nayo. Ilikuwa kadi ndogo isiyohitaji hata stempu. Kuichafua ilikuwa bahati mbaya, mwanangu, na kwa hilo sina ugomvi nawe. Tungeomba nyingine. Lakini ulipotuambia umeituma, ulimfumba mama yako macho. Jana aliambiwa hatari kwa kinywa cha jirani, akaambiwa waziwazi, na hakuinuka hata kukiangalia kiti. Unajua kwa nini?"

"Kwa sababu aliniamini."

"Basi lishike hilo. Asiyejua huuliza. Aliyedanganywa hulala usingizi." Baba alimsogelea. "Leo umesema ukweli mbele ya basi zima, na najua haikuwa rahisi. Umechelewa, lakini umesema. Mwingine angenyamaza mpaka kwenye kona."

Jumamosi iliyofuata Helmi hakuruhusiwa kutoka na Trevor. Alikwenda na Bi Harju kwenye kila nyumba ya Kuusela yenye mtoto mdogo, kuuliza kama viti vyao vimesajiliwa. Katika nyumba ya kwanza msichana mmoja, mama wa mapacha, alicheka. "Kadi zenyewe ziko kwenye droo tangu wazaliwe. Kwani zina kazi gani?" Helmi alivuta pumzi, akamsimulia habari yake tangu mwanzo. Alipofika kwenye jiko la sauna, yule mama aliacha kucheka, akaenda kufungua droo.

Jumatatu mama alimweka Arvo kwenye kiti cha zimamoto, akabonyeza kifungo, kisha akasogea kando.

"Vuta," alimwambia Helmi.

Helmi alivuta kwa nguvu zake zote. Mkanda haukutikisika. Alimgeukia mama yake akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Mama alipitisha mkono wake mbele yake, akavuta na yeye.

"Kwa sasa, mwanangu," alisema, "tutavuta sote wawili."