Tangi la Chuma cha Manowari

Rafiki yangu Yordani wa Kilole aliingia tangini saa sita mchana, mwaka 1968, kukwangua kutu. Fundi Sadala alishamwambia kwamba chuma cha tangi lile la shamba la mkonge kilitoka kwenye manowari ya Kijapani. Ilisindikiza meli vitani miaka mitatu, ikazama na mabaharia waliofungiwa ndani ya chumba cha injini, ikaibuliwa, ikauzwa kama chuma chakavu.

Mfuniko ukaanguka, ukakwama. Gizani, hewa ikipungua, Yordani akagonga ukuta kwa nyundo mara tatu.

Ubavuni pake kukajibiwa, mara tatu.

Akapiga yowe. Sadala akaung'oa mfuniko kwa mtaimbo, akamvuta nje.

"Kijana wee, mnagonga hivyo, mko wangapi humo?"

"Peke yangu, mzee."

Nyundo alikuwa bado ameishika. Nyuma yao, ndani ya tangi, kukagongwa mara tatu.