Herufi Tatu, Namba Nne

Tahoe nyeusi ilikata njia mbili bila kuwasha indiketa. Kanana akakanyaga mafuta.

Barabara ya 183. Euless imebaki nyuma, Dallas iko mbele. Ndani ya ile Tahoe wamo wauaji wawili wa genge la magendo ya dhahabu, na wanamwendea Déo, shahidi pekee, aliyefichwa mtaa wa Vickery Meadow.

"Wamepataje anwani?"

"Sijui, mtoto yangu," alisema Polycarpe kwenye kiti cha pembeni, bastola ya Glock mapajani. Ndiye aliyemfundisha Kanana ujasusi. Ndiye aliyesimama badala ya baba siku ya harusi yake. "Lenny amupeleke Déo Fort Worth. Mbio."

Lenny, fundi wao wa kompyuta aliyekuwa akimlinda Déo, akaingia sikioni mwa Kanana. Polycarpe hakumsikia.

"Nimenasa ujumbe uliotoa anwani. Hauna mtumaji. Ila sikia. Kompyuta huweka kila herufi kama namba. Déo ni herufi tatu, namba tatu. Hapa ziko nne. Huyu ameandika e tupu, halafu akaibandika alama yake kando, kama herufi ya pekee. Simu zetu hazifanyi hivyo."

Kanana alimjua mtu mmoja tu aliyeandika hivyo, kwa kibodi aliyojitengenezea mwenyewe.

Jamani, isiwe yeye.

"Papa, mwandikie Lenny jina la Déo. Kwa simu yako."

Polycarpe alichukua simu yake. Mambo ya namba hizo ni yeye aliyemfundisha Kanana; alijua anapimwa. Angeweza kubadilisha kibodi, kazi ya kugusa mara moja.

Hakubadilisha. Akaandika, akatuma.

"Nne," Lenny akasema.

"Balikamata bibi yangu," Polycarpe alisema taratibu. "Marguerite. Beko naye Houston."

"Wamemteka mkeo! Ungeniambia, Papa."

"Niliogopa."

Kanana akarudi kwa Lenny. "Lenny, Fort Worth hapana. Mtoe Déo, mpeleke unakojua wewe peke yako. Polisi wangoje mlangoni pake. Papa anakutumia namba wanayompigia Houston. Ifuatilie."

Vickery Meadow, wauaji walilazwa kifudifudi kwenye lami kabla hawajabisha hodi. Déo alikuwa keshaondoka.

"Polisi wa Houston wameingia," Lenny akasema. "Mama Marguerite yuko hai."

Polycarpe alinyoosha mikono mwenyewe. Kanana akamfunga pingu polepole, asimuumize.

"Umwambie niko kazini."

"Sitamdanganya, Papa."

Kanana akavaa miwani yake myeusi ya Ray-Ban, akaondoka kwa miguu kuelekea kituo cha treni, bila kugeuka. Polisi walisema huyo dada ana roho ngumu. Wangemwona usoni wasingesema hivyo, maana alikuwa akilia kama aliyefiwa.