Aliyeitika Abee

Mashine kubwa ya kufulia ilipoanza kunguruma, dobi aliitika, "Abee."

Wifi yake, aliyekuwa akipiga pasi kando, aliinua kichwa. "Umeitwa na nani?"

"Kaka yako."

Kaka mtu alikuwa amekwishazikwa. Dobi alilisema hilo bila chozi, kama anayesema sabuni imekwisha. Tangu msiba, moyo ulikuwa umemfa ganzi. Lakini ndani ya ngurumo ile alisikia wazi, "Mama Chiriku," kutoka chumba cha kuanikia, na kila alipoitika, sauti ilisogea.

"Masikio hayo," wifi alinong'ona. "Mashine inanguruma tu, jina unalitia wewe. Mbona siku isipokuita huihesabu?"

Hata hivyo chumba kile kilianza kunukia udi, na pale hapakuwa na mtu wa kufukiza udi. Wakamwita mganga. Akasikiliza mashine, akanusa, akasema hakuna aliyekosea. "Sikio lenye hamu hujitungia. Jini naye hupitia mlango huohuo. Usiitike tena. Akikosa jibu, ataondoka."

Mazoea yana taabu, na ulimi ulishazoea kuitika. Lakini dobi alijikaza, hadi "Mama Chiriku" ikawa inampita kama honi za barabarani. Harufu ya udi ikatoweka. Wifi akaanza tena kucheka.

Alasiri moja Chiriku, bintiye, aliyepewa jina hilo kwa kuongea kupita kiasi, alirudi kutoka shule akaita mlangoni, "Mama!" Dobi alimsikia, alimsikia vizuri kabisa, lakini sikio lililofunzwa likamwambia ni mashine, na mikono ikaendelea kukunja shuka, hata mtoto alipoita mara ya pili, hata wifi alipogeuka kumshangaa, hata pale sauti yake mwenyewe, ileile laini aliyokuwa akimwitikia marehemu, ilipojibu kutoka nyuma ya shuka zilizoanikwa chumbani:

"Abee, mwanangu. Niko huku."

Viatu vya Chiriku vikapita mbio nyuma ya mgongo wake. Udi ukanukia.

"Wifi," wifi yake alinong'ona, "mashine si imezimwa tangu asubuhi?"

Chumbani Chiriku alikuwa akiongea, akiongea, akiongea. Kisha akanyamaza.