Kiti cha Kushoto

Tak.

Sauti moja tu, ndogo, kavu, kama ya mkanda wa gari unapoingia kwenye kifungo chake. Prudencia alifumbua macho. Nje hapakuwa na upepo. Mbwa wa Buswelu walikuwa kimya, na ndani ya uzio wao wa matofali hapakuwa na kitu cha kutoa sauti ile isipokuwa gari jeupe walilolileta jioni. Milango yote minne alikuwa ameifunga mwenyewe. Aligeuka. Byabato, mumewe, alikuwa pale pale ubavuni mwake, amelala fofofo, funguo za gari ziko kiganjani.

Basi nani amefunga mkanda?

Alikaa macho mpaka alfajiri akisubiri asikie unafunguliwa. Haukufunguliwa.

Gari lenyewe, tuseme ukweli, lilikuwa zuri. Byabato, mwalimu wa fizikia mwenye asili ya Bukoba, alikuwa ameliona Mabatini, nyuma ya duka la vipuri la mzee Yassin, limefunikwa turubai. Lilikuwa gari la miaka mingi, lakini mita yake ilisoma kilomita elfu kumi na moja na kidogo. Namba hiyo badala ya kumfurahisha ikamtia wasiwasi, maana ni nani mjini asiyejua habari za mita zinazorudishwa nyuma? Kwa hiyo yeye na Prudencia wakamchukua fundi Bilali, mtu wa maneno mengi na mikono mitulivu, aende akalikague.

Bilali alilikagua kama daktari. Alisoma tarehe zilizochongwa kwenye tairi. Alitazama nati kama zimewahi kuguswa na spana. Alilala chini ya injini, akainuka bila doa la oili. Mwisho akachuchumaa mlangoni kwa dereva na kupapasa mpira wa kanyagio la breki kwa kidole gumba.

"Mita unaweza kuirudisha, Mwalimu," alisema. "Mpira huu utaurudisha vipi? Bado una meno yake. Usukani haujang'aa. Hizi kilomita ni za kweli."

Kisha akazunguka upande wa kushoto. Kiti cha abiria kilikuwa kimebonyea katikati kama kitanda cha mgonjwa wa siku nyingi. Kitambaa kilikuwa kimesuguliwa mpaka kikalainika, mkanda umechakaa ukingoni, na kwenye zulia la chini palikuwa na mashimo mawili madogo, mahali pa visigino viwili.

"Ajabu hii," Bilali alicheka. "Dereva hajachoka, abiria kachoka."

Mzee Yassin hakucheka. Aliuliza jambo moja tu, kama mama naye atakuwa anapanda mbele. Byabato akamjibu kwamba mke wake atapanda wapi tena, kwenye buti? Kisha akakitumia kile kiti kuomba apunguziwe bei, na mzee akakubali haraka mno. Bilali akaweka sharti lake la siku zote: gari lilale kwa mnunuzi usiku tatu kabla ya kumaliza malipo, kwa sababu gari bovu huweza kujikaza siku ya kwanza na ya pili, lakini ya tatu litakohoa. Yassin alikubali na hilo. Alipokuwa anakabidhi funguo, aliinama ndani, akapitisha kiganja juu ya kiti cha kushoto, taratibu, kama anayemnyooshea shuka mtu aliyelala. Mlangoni mwa duka mkewe, Mwanaheri, aliliona hilo na akatazama pembeni.

Hayo yalikuwa Jumamosi. Jumapili asubuhi walijiandaa kwenda misa. Prudencia, ambaye hakumwambia mumewe habari za ile sauti kwa sababu mchana habari kama hizo huchekesha, alifungua mlango wa mbele. Harufu ikampokea: mvua ikianguka kwenye vumbi, na ndani yake udi. Hapakuwa na mvua Mwanza wiki ya tatu sasa. Mkanda ulikuwa umefungwa, umekaza juu ya kiti kitupu. Akaufungua, akakaa. Kiti kilikuwa na maji. Baridi ilipenya gauni mpaka kwenye mapaja, na nyuma yake, kwenye egemeo, kitu kikajisogeza kama mgongo wa mtu anayekataa kubanwa.

Aliruka nje. Gauni lilikuwa kavu.

Byabato hakuuliza kuna nini. Alikuwa anatazama mbele, mkono kwenye usukani.

"Kaa nyuma, Pru," alisema, kwa upole kabisa. "Huko ndiko kunakufaa."

Alikaa nyuma. Jirani yao Rachel, aliyekuwa getini kwake, alimpungia na kumtania kwamba leo bosi ana dereva. Prudencia alicheka naye, na njia nzima, kule nyuma, aliutazama mkono wa kushoto wa mumewe. Kila baada ya kubadili gia haukurudi kwenye usukani. Ulikwenda kupumzika juu ya kiti cha pembeni, kiganja kikiangalia juu, vidole vimejikunja kidogo, kama vinavyojikunja vidole vya mtu vinaposhikwa na vidole vingine.

Miaka mitatu ya ndoa yao hakuwahi kumshika hivyo hadharani. Alikuwa akisema ana aibu.

Ni jambo la kustaajabisha, lakini kilichomjia kwanza hakikuwa hofu. Kilikuwa wivu, ule wa kawaida, unaochoma chini ya matiti. Aliwaza mwanamke wa shuleni, aliwaza mke wa mwenzake, aliwaza udi unaouzwa sokoni na nani anaununua. Mchana Byabato alipoaga kwamba anapeleka gari kulijaribu, avuke na kivuko hadi Kamanga, ng'ambo ya ziwa, Prudencia aliandika namba ya mita kwenye kiganja chake, kisha akaenda kushinda kwa Rachel. Alikuwa mtaalamu wa maabara. Ushahidi ndio kazi yake. Muda wa saa nne baadaye alimkuta Byabato amerudi, uso unang'aa, akisifu ziwa, akisifu upepo wa kivukoni. Prudencia aliingiza kichwa dirishani. Akaitazama mita, akakitazama kiganja.

Haikuongezeka hata kilomita moja.

Jioni, Byabato alisema anatoka kidogo kuwasha injini, na hakurudi ndani, na Prudencia, aliyekuwa akimenya ndizi jikoni, alisikia kicheko, kicheko cha mumewe, si hiki cha sasa cha kuchoka na masahihisho ya wanafunzi bali kile cha zamani, cha siku zile alipokuwa akimsindikiza hadi kituoni na kukosa basi makusudi, akaweka kisu chini na kusogea dirishani na kuona kwamba vioo vya gari vilikuwa safi vyote isipokuwa kimoja, cha kushoto mbele, ambacho kilikuwa kimeingia ukungu kutoka ndani, ukungu wa pumzi, na pumzi ile ilikuwa inakuja na kwenda, inakuja na kwenda, na kila ilipopungua aliona nyuma yake weusi wa kichwa kilichoinama kuelekea bega la Byabato, nywele zikidondosha maji, mpaka kichwa kile kikageuka polepole kuelekea jikoni, kikatulia hapo, kama mwenye nyumba anayengoja mgeni aone aibu na kuondoka.

Prudencia hakuondoka. Alitoka uani, akafungua mlango wa dereva. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu, kimefungwa mkanda.

"Ni nani huyo?" alinong'ona.

Byabato alimtazama kwa huruma, kama anavyomtazama mwanafunzi aliyekosa swali rahisi.

"Bado sijamjua jina," alisema. "Kesho ataniambia."

Usiku huo alilala garini.

Jumatatu Prudencia alifika Mabatini kabla maduka hayajatandaza bidhaa. Yassin alikuwa msikitini. Nyuma ya kaunta alikuwa Mwanaheri peke yake, akipanga filta za oili kwenye rafu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mwanamke yule alimtazama, akaona macho yasiyolala, akaweka filta chini. "Amekwisha kumwambia mumeo jina?"

Prudencia alishika ukingo wa kaunta. "Kwa hiyo mlijua."

"Nilijua."

"Mkatuuzia."

"Nilitaka litoke uani kwangu, mwanangu. Miaka sita nimeanika nguo zangu mbele ya mwanamke asiyezeeka. Nitukane, nimeshajitukana mwenyewe."

Hakumtukana. Aliketi juu ya kreti, na Mwanaheri akamsimulia kwa sauti ya chini. Gari lilipokuwa jipya kwao, Yassin alikuwa akirudi kutoka ng'ambo, na pale Kamanga mvua kubwa ilimkuta akisubiri kivuko. Mwanamke aliyelowa akagonga kioo na kuomba ajikinge. Yassin akamfungulia. Walivuka, magari yote yakashuka, yule mwanamke hakushuka. Siku ya tatu alimwambia Yassin jina lake, sikioni, amtunzie. Tangu siku hiyo mzee alikuwa mtu wa kukaa garini. Haendi popote, anakaa tu, jioni baada ya jioni, akiamini ametembea. Mwanamke yeyote aliyethubutu kupanda mbele alitoka anatetemeka.

Sheikh aliitwa, akasoma, na jini lilijibu kwa kinywa cha Yassin mwenyewe. Lilisema jina lake ndiyo nyumba yake. Mwanamume aliyeambiwa akilificha, yeye atakaa. Likitajwa na mwanamume huyo, mke wake wa ndoa akasikia, hana tena pa kukaa na atarudi majini.

"Na mzee hajalitaja," alisema Prudencia.

"Nimempigia magoti. Nimemletea mama yake mzazi. Anasema hakuna jina. Nikamwambia basi chagua, gari au mimi, akauza gari. Lakini jina hakulitoa." Mwanaheri alipangusa kaunta iliyokuwa safi. "Sasa yule wa garini anapata mwenye nyumba mpya. Mume wako akishaambiwa leo, naye atalificha. Hawalitoi, mwanangu. Hata ulie damu. Ni kitu pekee duniani ambacho ni chao peke yao."

Prudencia alikuwa anakumbuka kiganja kile cha mumewe kilichoangalia juu, na jinsi kilivyomchoma, na kwamba wakati kinamchoma angeweza kusema neno lolote mbele ya mtu yeyote, misa nzima isikie.

"Mzee anajua kwamba huyo mwanamke amempata mwingine?" aliuliza.

Mwanaheri alimtazama. "Anadhani gari linasimama tu uani kwenu."

"Usimwombe alitaje, mama. Usimwombe chochote. Mwambie tu mwalimu amelala naye garini jana."

Yassin alipotoka msikitini, mkewe alimwambia hivyo hivyo, akimmiminia chai, kama habari ya mitaani. Mzee aliweka kikombe bila kukinywa. Hakuuliza ni mwalimu gani. Alifunga duka mwenyewe, mchana kweupe, wateja wakiwa mlangoni, akaita bajaji, na wanawake wawili wakaingia nyuma yake bila kukaribishwa. Njia nzima mpaka Buswelu midomo ya mzee ilikuwa ikitetemeka, na Prudencia aliutambua mtetemeko ule. Alikuwa nao mwenyewe tangu Jumapili.

Walikuta wingu limekaa juu ya nyumba. Juu ya nyumba yao tu. Kwa Rachel nguo zilikuwa zinakauka kwenye jua. Harufu ya mvua ilikuwa imejaa uani mpaka kooni. Ndani ya gari Byabato alikuwa ameegemea upande wa kushoto, shingo ameipinda, sikio amelitoa, macho amefumba, na uso wake ulikuwa uso wa mtoto anayekaribia kupewa kitu alichoahidiwa. Prudencia alivuta mlango. Haukufunguka. Aligonga kioo kwa viganja viwili akimwita mumewe kwa majina yote aliyowahi kumwita, la ubatizo, la ukoo, lile la chumbani, na yeye hakugeuka, kwa sababu karibu na sikio lake ukungu ulikuwa unaongezeka kwenye kioo, unaongezeka, na ndani ya ukungu palikuwa na midomo, na midomo ile ilikuwa imeanza kufunguka.

"Mzee," alisema Prudencia, bila kugeuka. "Njoo uone anavyomshika."

Yassin alikuja. Alitembea polepole kama mtu anayeingia majini. Mwanaheri alimfuata bega kwa bega, akasimama karibu kiasi cha kuhisi pumzi yake. Mzee aliinama, akatazama kupitia kioo cha dereva, akauona mkono wa Byabato pale ulipokuwa, na vidole vyeupe vyenye maji vilivyokuwa vimepita katikati ya vidole vyake. Alitazama kwa muda mrefu. Sauti iliyomtoka haikuwa ya mzee wa duka la vipuri. Ilikuwa laini, ya kijana, sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia hata siku ya harusi yao. Na Prudencia alimwona Mwanaheri akifumba macho kuipokea, kama mtu anayepokea kofi alilolisubiri miaka sita.

"Kalunde," alisema Yassin. "Kalunde, huyo si mimi."