Aliyeitikia Salamu Maabara

Harufu ndiyo iliyotangulia: harufu ya gome bichi lililonyeshewa mvua, ndani ya chumba ambacho hata vumbi halikuruhusiwa kuingia.

Mtafiti hakuitilia maanani. Tangu mumewe afariki alijitupa kazini mzimamzima, akijaribu dawa za miti dhidi ya virusi vilevile vilivyomfanya mjane. Gome la safari hii alipewa na mganga mmoja mzee. Na kwa kuwa nyumbani hakuwa na wa kusema naye, kila asubuhi alifungua kabati la joto alimofugia seli hai, zile anazozitia virusi kisha dawa aone kama zitapona, akazisalimia. "Mmeamkaje humu?" Wenzake walimtania kwamba amepata watoto wasiolia.

Siku aliyoweka maji ya lile gome akasalimia kama kawaida, na kutoka nyuma ya visahani vya seli sauti ya mwanamume, ya chini na ya upole, ikaitikia: "Tumeamka salama."

Alipochungulia kwenye hadubini, seli zote zilikuwa zimekufa, hata zile ambazo hazikuguswa na virusi wala dawa.

Akaotesha nyingine. Asubuhi iliyofuata akabana mdomo, lakini harufu ikazidi, na mlango wa kabati ukafunguka wenyewe taratibu, na ile sauti, ambayo sasa ilikuwa na kikohozi kifupi cha marehemu mumewe, ikamuuliza mbona leo kanuna, na yeye, machozi yakimtoka kwa hofu na, Mungu amsamehe, kwa furaha, akajikuta ameshajibu kwamba hajanuna. Seli zikafa tena.

Akamwita mganga. Mzee alinusa hewa, akatikisa kichwa.

"Mti ule una mwenyewe, mwanangu. Ulisalimia, akadhani amekaribishwa. Kila mkisemezana anakula uhai ulio karibu."

"Nifanyeje, babu?"

"Namrudisha kwao. Ukimsikia tena usimjibu, hata neno moja."

Akafukiza chumba, akalifunga gome lote kwenye kitambaa, akaenda zake. Harufu ikakatika. Seli zikastawi. Maabara ikawa kimya, upweke ukamrudia mtafiti kama alivyouacha.

Jioni alifika kwake, akafungua mlango. Katika nyumba ile hakufuga hata paka. Chenye uhai kilikuwa yeye peke yake. Sebuleni kulikuwa giza, na gome bichi likanukia.

Kikohozi kifupi kikasikika. "Pole na kazi."

Alisimama kizingitini, mkono kwenye kitasa. Maneno ya mzee aliyakumbuka yote. Akaingia, akafunga mlango nyuma yake.

"Asante," akasema. "Umeshindaje?"